Karl Gützlaff, Mpenzi wa Wachina

Mtu apitaye Itetemia, katika njia ya zamani ya misafara, huonyeshwa jirani yake tembe la Kwihara, alimokaa Daktari Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Ni wachache wajuao ya kuwa Livingstone hakutaka kwanza kuja Afrika. Alitaka kwenda Uchina, kwa kuwa katika ujana wake alisoma maneno ya Mjerumani mmoja, Karl Gützlaff, aliyewaita waganga waende huko. Vita ya afyuni ilipoanza mwaka 1839 njia ikafungwa, naye akaelekezwa huku kwetu. Basi na tumtazame huyo Gützlaff.

Alizaliwa mwaka 1803 mjini Pyritz, Pomerania, mwana wa mshona nguo, akafundishwa kazi ya ngozi. Alimtungia mfalme wa Prussia shairi, na kwa ajili yake akapata nafasi katika chuo cha misioni Berlin. Mwaka 1827 alifika Java, akakutana na Wachina, wala moyo wake haukutoka kwao tena. Alijifunza lugha yao, akavaa mavazi yao, akapokewa katika ukoo wao mmoja kwa jina la Kichina. Mwaka 1831 alipanda jahazi lao kutoka Siam, akafuata pwani kwenda kaskazini, akaandika kitabu cha safari zake tatu. Alisaidia pia kuitafsiri Biblia kwa Kichina.

Hayo twayasema kwa furaha. Yaliyobaki ni mazito. Ili afike pwani alikubali kuwa mkalimani katika merikebu ya wauza afyuni. Merikebu ile ile ilichukua Injili na sumu. Sisi twaona alikosa sana, hata kama nia yake ilikuwa njema, maana Wachina waliipokea Injili mkononi mwa waliowaharibia watoto wao.

Mwaka 1844 alianzisha Hong Kong chama cha wainjilisti, akiamini ya kuwa Uchina itahubiriwa na Wachina wenyewe. Hapo alikuwa na haki, na wazungu wengi wa siku zake hawakuliona neno hilo. Lakini hakuwapima watu wake. Wengi walipokea posho ya safari, wasitoke mjini, wakaleta habari za majimbo wasiyoyaona. Vitabu walivyopewa walimwuzia mpiga chapa, naye akamwuzia Gützlaff tena! Alipokuwa Ulaya mwaka 1850 akiomba misaada, Theodor Hamberg, Msweden wa misioni ya Basel, aliwahoji mmoja mmoja, na uongo ukafunuliwa.

Gützlaff alirudi, akafa Hong Kong Agosti 1851, mwenye miaka 48. Lakini Rudolf Lechler, aliyekuja pamoja na Hamberg mwaka 1847 kwa mwito wake, alikaa na Wahakka miaka mingi, na makanisa yao yapo mpaka leo.