Maisha ya John Lions, Mwalimu Ambaye Kitabu Chake Kilifungiwa

Mara nyingi tumezoea kusoma habari za wafalme, majemadari na wavumbuzi. Muhula huu nataka kuwaeleza kwa ufupi habari za mwalimu mmoja ambaye hakushinda vita wala hakuvumbua mashine. Kazi yake ilikuwa kuwafafanulia wanafunzi jambo gumu, na kazi hiyo ikafungiwa kwa muda wa miaka karibu 20.

John Lions alikuwa mtu wa Australia, aliyezaliwa mwaka wa 1937. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Sydney, kisha akaenda Cambridge, Uingereza, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1963. Akafanya kazi Kanada na Marekani, na mwaka wa 1972 akarudi kwao kufundisha elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha New South Wales.

Wakati huo Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara ya Bell huko Marekani, walikuwa wamekwisha tunga programu iitwayo Unix, waliyoianza mwaka wa 1969. Programu ya namna hii ni mfano wa mnyapara: ndiyo inayoigawia mashine kazi, inayotunza majalada, na inayoamua nani atangulie na nani angoje. Maabara hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya simu, AT&T, ambayo tangu mwaka wa 1956 ilikuwa imezuiwa kufanya biashara isiyohusu simu. Kwa hiyo ikavipa vyuo vikuu Unix kwa bei ndogo, pamoja na maandishi yake ya ndani, kwa sharti kwamba asiye na leseni asionyeshwe.

Bwana Lions aliona kuwa wanafunzi wengi walifundishwa habari za programu kama hizo bila kuiona hata moja yenyewe. Ilikuwa kama kumfundisha mtu ufundi wa saa naye hajapata kufunguliwa saa akaona magurudumu yake. Basi akayachukua maandishi ya Unix, karibu mistari 9000, akayapanga vizuri katika kitabu kimoja. Kisha akaandika kitabu cha pili kueleza kila sehemu inafanya nini, na kwa nini. Kazi hiyo aliifanya katika miaka ya 1976 na 1977. Hakuvunja sharti lo lote, maana chuo chake kilikuwa na leseni, na vitabu vilikuwa vya wenye leseni tu.

Lakini mwaka wa 1979 kampuni ilitoa Unix mpya, na leseni yake ikakataza maandishi hayo yasifundishwe darasani. Tusiilaumu upesi, kwani mali ilikuwa yake, nayo ilitaka kuilinda siri yake. Hata hivyo wenye kiu ya elimu hawakutulia. Wanafunzi na mafundi wa nchi nyingi wakawa wakitoa nakala kwa siri, na nakala ya nakala, mpaka herufi zikafifia.

Marufuku hayo yalizaa jambo jingine. Huko Uholanzi, Profesa Andrew Tanenbaum, alipoona hawezi tena kufundishia Unix, akatunga programu yake mwenyewe, Minix, mwaka wa 1987. Kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, akajifunza kwayo, na mwaka wa 1991 akatoa Linux, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu yenye Android, na bila shaka baadhi ya wazazi wetu wanayo mfukoni.

Mwaka wa 1996, Unix ilipokuwa imekwisha ingia mikononi mwa wengine, ruhusa ikatolewa na kitabu cha Bwana Lions kikapigwa chapa wazi. Yeye alikuwa amestaafu mwaka wa 1995 kwa ajili ya ugonjwa. Alikiona kitabu chake kikiuzwa, lakini hakukaa sana. Alifariki mwezi wa Desemba, 1998.

Nilipoyasoma maisha haya niliona haya. Nakiri kwamba karibu na mtihani mimi nilikuwa nikilificha daftari langu, wenzangu wasije wakanipita. Sikuwa na leseni wala kampuni. Nilikuwa na choyo tu. Mwalimu huyu alichukua kitu kilichotungwa na wengine, akakieleza kwa maneno ya wazi, na hayo yakatosha kulidumisha jina lake. Tangu muhula uliopita daftari langu la hesabu liko mezani, na anayelitaka na alichukue. Namwomba tu alirudishe kabla ya jioni.