Elijah Masinde: Aliyewakumbuka mashujaa wa Chetambe

MSAFIRI atokaye Bungoma kwenda Kitale kupitia Webuye huiona milima ya Chetambe ikisimama juu ya bonde la mto Nzoia. Huko, mwaka wa 1895, wapiganaji wa Kibukusu walijihami ndani ya ngome ya udongo iliyozungukwa na handaki, wakakabiliana na majeshi ya Waingereza yaliyowazidi kwa silaha. Ngome ilitekwa na wengi wakaangamia humo.

Nchini Uchina, Jemadari Huo Qubing, aliyefariki mwaka wa 117 Kabla ya Kristo akiwa angali kijana, alizikwa Shaanxi karibu na kaburi la mfalme wake. Kaburi lake lilipambwa kwa sanamu za mawe, mojawapo ikiwa ya farasi anayemkanyaga adui. Jemadari huyo alikuwa mshindi, na dola yake ilikuwa na wachongaji. Walioshindwa Chetambe hawakuwa na dola ya kuwaenzi. Walingoja zaidi ya miaka 50, hadi alipotokea Elijah Masinde.

Masinde alizaliwa Kimilili mapema katika karne ya 20. Alisoma na kubatizwa katika misheni ya Friends, akasifika kwa kusakata kandanda kiasi cha kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka wa 1930. Alifanya kazi pia katika baraza la mahakama ya Waafrika, akiwapelekea watu hati za kuwaita kortini. Baadaye alitengana na misheni kwa sababu ya kuoa mke wa pili.

Katika miaka ya 1940 aliongoza Dini ya Msambwa, iliyowataka watu warejee kwa Mungu wa mababu zao na kuwataka wazungu waondoke. Mafundisho hayo yalipenya upesi katika mashamba ya walowezi kandokando ya Kitale, ambako Wabukusu wengi walikuwa vibarua katika nchi waliyoihesabu kuwa yao.

Mwaka wa 1944 aliongoza upinzani dhidi ya amri za kazi za lazima. Serikali ilimkamata na mwaka wa 1945 ikampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kana kwamba kuudai uhuru ni wazimu. Aliachiliwa mwaka wa 1947.

Katika mwaka huohuo aliwaongoza maelfu ya wafuasi kupanda Chetambe, kuwaombea na kuwatolea sadaka waliouawa mwaka wa 1895. Ziara hiyo iliwatia wakoloni hofu, kwa kuwa watu walioanza kuwalilia mashujaa wao wangeweza pia kuanza kuwaiga.

Februari 10, 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, wakawaua watu 11. Dini ilipigwa marufuku, Masinde akatiwa mbaroni na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo moto haukuzimika. Aprili 24, 1950, Lukas Pkiech, Mpokot aliyeifuata dini hiyo, aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi huko Kolloa, Baringo.

Masinde alirejea nyumbani kabla ya uhuru, lakini hakupata raha aliyoitarajia. Marufuku iliondolewa mwaka wa 1964, kisha ikarejeshwa mwaka wa 1968, na serikali ya Waafrika wenzake ikamtia gerezani mara kadhaa. Alifariki mwaka wa 1987.

Wapo wanaomwona shujaa na wapo wanaomwona mkorofi asiyetawalika. Yawezekana alikuwa yote mawili. Lakini hakuna awezaye kumnyima sifa moja: alipanda mlima ambao wengi waliupita, akawakumbusha walio hai kwamba kushindwa vitani hakumwondolei mtu haki ya kukumbukwa. Vijana wa Bungoma na Trans Nzoia wangefanya vyema kuupanda mlima huo, hata kabla mtu yeyote hajawachongea sanamu ya kuitazama.