William Cowper: Mtunzi wa Nyimbo Aliyeishi na Hofu



Wengi wetu tumeuimba ule wimbo wa damu ya Imanweli uliomo katika Tenzi za Rohoni, na wako wanaoujua wote kwa kichwa. Lakini ni wachache wanaojua kwamba aliyeutunga aliteswa na hofu karibu maisha yake yote. Jina lake ni William Cowper, na Waingereza hulitamka Kupa. Napenda tuyatazame maisha yake, maana yana fundisho kwa kila nyumba yenye mtu anayesumbuliwa na wasiwasi.

Cowper alizaliwa mwaka 1731 katika mji wa Berkhamsted, Uingereza, ambako baba yake alikuwa kasisi. Mwaka 1737, kabla hajatimiza miaka 6, mama yake alifariki baada ya kujifungua mtoto. Muda si muda mtoto William akapelekwa shule ya bweni. Huko mvulana mmoja wa miaka 15 hivi alimtesa kwa siri. Cowper alimwogopa hata hakuthubutu kumtazama usoni. Alimtambua kwa vifungo vya viatu vyake. Hatimaye mkorofi huyo alifukuzwa shule, lakini hofu aliyoipanda haikuondoka pamoja naye.

Alipokuwa mtu mzima, Cowper alisomea sheria mjini London, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1754. Mwaka 1763 jamaa yake mmoja alimtafutia kazi nzuri ya karani wa kumbukumbu katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge. Kwa bahati mbaya uteuzi huo ukapingwa, ikaamuliwa kwamba Cowper aje ahojiwe hadharani mbele ya Malodi, ili ionekane kama anaiweza kazi. Kwa karibu nusu mwaka alikwenda ofisini kila siku kuzisoma zile kumbukumbu. Macho yalipita juu ya maandishi, lakini akilini hapakuingia kitu.

Mimi niliyesimamia mitihani kwa miaka mingi sishangai. Nimemwona mwanafunzi hodari akiikodolea macho karatasi ya maswali, mikono imelowa jasho, naye hakumbuki hata alichokifundisha wenzake jana yake. Si mvivu wala si mjinga. Mungu alitupa hofu ili ituokoe: ukikutana na simba, moyo hupiga mbio na damu hukimbilia miguuni, upate kukimbia. Lakini wasiwasi ni hofu ya simba ambaye bado hajaja, na pengine hatakuja kamwe. Mwili hujiandaa kukimbia, wala hakuna pa kukimbilia. Usingizi hupotea, chakula hakishuki, na akili yote hukaa lindo, isibaki nafasi ya kujifunza jambo lolote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Cowper. Siku ya kuhojiwa ilipokaribia alishindwa kabisa, hata akajaribu kujiua. Kwa rehema ya Mungu hakufa. Mwezi wa Desemba mwaka 1763 ndugu zake walimpeleka St Albans, katika nyumba ya wagonjwa wa akili ya Daktari Nathaniel Cotton. Daktari huyo alikuwa mpole na mcha Mungu. Hakumkemea mgonjwa wake. Alimtunza na kuzungumza naye. Siku moja mwaka 1764 Cowper alifungua Biblia akasoma Warumi 3:25, na mzigo ukamtoka. Alilia kwa furaha.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema kwamba mtu akiamini hofu humtoka moja kwa moja. Lakini haikuishia hapo.

Mwaka 1765 Cowper alikwenda kukaa Huntingdon pamoja na familia ya Mchungaji Morley Unwin. Mchungaji huyo alipofariki mwaka 1767 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, Cowper na mjane wake, Mama Mary Unwin, walihamia mji mdogo wa Olney. Huko kasisi alikuwa John Newton, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Wakawa marafiki sana. Walitembelea maskini pamoja, wakasali pamoja, na wakaanza kutunga nyimbo za kuimbwa katika mikutano ya sala. Kitabu chao kilitolewa mwaka 1779 kikiwa na nyimbo 348, na zaidi ya 60 ni za Cowper.

Lakini mapema mwaka 1773 ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Cowper aliota ndoto ya kutisha, akaamka akiamini kwamba Mungu amemtupa milele. Jambo la ajabu ni kwamba hakuacha kuamini. Aliamini kwamba Kristo anawaokoa wote wanaomjia, isipokuwa yeye Cowper peke yake. Tangu hapo aliacha kwenda kanisani, kwa kuwa alijiona hana ruhusa ya kusali. Wakati huohuo Wakristo wengine waliendelea kufarijika kwa nyimbo zake.

Je, wenzake walifanya nini? Newton alimpokea nyumbani kwake, na Cowper akakaa humo zaidi ya mwaka mmoja. Mama Unwin alimwuguza mchana na usiku. Hawakuchoka naye, wala hawakumwambia kwamba anajitakia. Walimpa pia kazi ya mikono. Mwaka 1774 alipewa sungura wa porini. Akawafuga watatu, akawatengenezea vibanda, akalima bustani na kuranda mbao. Mmoja wa sungura wale aliishi karibu miaka 12. Kiumbe dhaifu anayeogopa kila mshindo alipata utulivu mikononi mwa mtu aliyeijua hofu.

Baadaye Mama Unwin alimshauri aandike mashairi, na kuandika kukawa kama dawa. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1785 kilimfanya ajulikane Uingereza yote. Mwaka 1788 aliandika mashairi ya kupinga biashara ya watumwa, nayo yakasambazwa sana miaka mingi kabla ya sheria ya mwaka 1807 kuikomesha biashara hiyo katika himaya ya Uingereza. Mtu aliyeshindwa kusimama mbele ya Malodi aliwasemea wanyonge kwa kalamu yake.

Katika miaka ya 1790 Mama Unwin alipooza. Inasimuliwa kwamba wakati mmoja Cowper alikaa siku 6 kimya, bila kusogea. Ndipo mama huyo, ambaye kutembea kwenyewe kulikuwa kazi, akasema kwamba angependa kujaribu kutembea kidogo nje. Mara Cowper akainuka, akampa mkono. Maneno ya kumtuliza hayakumwinua, lakini aliinuka alipoona kwamba mwenzake anamhitaji.

Mama Unwin alifariki mwaka 1796. Cowper alifariki tarehe 25 Aprili 1800 katika mji wa Dereham, bado akiamini kwamba ametupwa. Jamaa yake aliyemtunza mpaka mwisho alieleza kwamba baada ya kufa uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyeshangazwa na jambo jema asilolitazamia.

Wakristo wenzangu, tunayo mazoea ya kumwambia mwenye hofu kwamba imani yake ni haba. Cowper alikuwa na imani iliyowalisha maelfu, na bado aliogopa. Wasiwasi wa namna ile ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa, na siku hizi hospitali zina wataalamu wa kuutibu. Kumpeleka mgonjwa kwao si kumkana Mungu, kama vile Mungu hakukanwa nyumbani kwa Daktari Cotton.

Basi, akiwapo jirani ambaye halali usiku, au kijana anayetetemeka kwa ajili ya mtihani, au mtu aliyeacha kuja kanisani kwa kuwa anajiona hafai, tusimpelekee hotuba. Twende tukakae naye, na kesho twende tena. Ikiwa yeye hawezi kusali, sisi tusali kwa ajili yake. Na tumwombe naye msaada mdogo anaouweza, hata kama ni kutushika mkono tu tunapotoka nje.