Galois: Bingwa wa hisabati aliyeangushwa na mtihani wa chuo

ÉVARISTE Galois anatambuliwa kama mmoja wa mabingwa wakuu wa hisabati duniani, ilhali alianguka mara mbili mtihani wa kujiunga na chuo alichokitamani.

Alizaliwa Oktoba 25, 1811, mjini Bourg-la-Reine, karibu na Paris, Ufaransa. Akiwa mwanafunzi katika shule ya Louis-le-Grand, alizama katika vitabu vya Legendre na Lagrange, akayapuuza masomo mengine.

Mnamo 1828 alifanya mtihani wa École Polytechnique mwaka mmoja kabla ya wakati wake, bila kupitia darasa maalum la matayarisho. Akaanguka.

Baadaye mwaka huo alijiunga na darasa hilo chini ya mwalimu Louis Richard, aliyekitambua kipawa chake. Hata hivyo, Julai 1829 babake, aliyekuwa meya, alijitoa uhai. Muda mfupi baadaye, Galois alisimama mbele ya watahini akiwa mwenye majonzi. Inasemekana alizoea kukokotoa kichwani na kuruka hatua, hivyo watahini hawakumwelewa. Akaanguka tena, na hapakuwa na nafasi ya tatu.

Alijiunga na chuo cha walimu, lakini akafukuzwa 1831 kutokana na siasa. Alifariki Mei 31, 1832, akiwa na umri wa miaka 20, baada ya kupigwa risasi katika pambano la bastola.

Maandishi yake kuhusu utatuzi wa milinganyo yalichapishwa na Joseph Liouville mnamo 1846. Leo wanafunzi wa hisabati vyuoni hutahiniwa kuhusu nadharia yenye jina lake.