Lord Byron, mizani na viazi vya siki

Wengi wetu tulitajiwa Lord Byron na mwalimu wa fasihi, dakika mbili hivi, halafu mwalimu akapita. Mshairi, Mwingereza, alipenda wanawake, basi. Mimi ninamwandika kwa sababu nyingine: huyu jamaa alikuwa mwanachuo, na aligombana na tumbo lake tangu ujana mpaka kaburini.

Alizaliwa London tarehe 22 Januari 1788, na mguu wake wa kulia ulikuwa na kilema. Mama yake, Catherine, alikuwa mnene, na kijana alikua akiogopa kufanana naye. Mwaka 1805 aliingia Trinity College, Cambridge. Huko ndiko alikofuga dubu, kwa kuwa sheria ya chuo ilikataza mbwa, haikutaja dubu. (Mlezi wa hosteli yetu angepanda presha siku hiyohiyo.)

Wakati huo mtaa wa St James's, London, palikuwa na duka la mvinyo lenye mizani kubwa, na wateja walipenda kupimwa na uzito wao kuandikwa daftarini. Mwaka 1806 Byron alikuwa na kilo kama 88. Kufikia 1811 alikuwa na kilo 57 hivi. Alifanyaje? Alivaa vizibao saba na koti zito juu yake, akacheza kriketi mpaka akalowa jasho, akaoga maji ya moto kila siku, akala mlo mmoja tu wenye kinyama kidogo. Baadaye ikawa biskuti na maji ya soda. Akiona njaa inamzidi, anavuta sigara.

Sasa sikilizeni hii. Mshairi Samuel Rogers alimwalika chakula cha jioni. Byron akakataa nyama, akakataa samaki, akakataa mvinyo, akaomba biskuti. Hazikuwepo, basi akaponda viazi, akavimwagia siki, akala hivyo. Rogers alikuja kusimulia kwamba alisikia baadaye kuwa mgeni wake alipotoka pale alikwenda klabu moja akashindilia nyama.

Wengi husoma kisa hiki wakamwita mnafiki. Mimi sikubali. Mwaka 1944 na 1945, kule Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, wote wamejitolea, kwa wiki 24. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini pia mapigo ya moyo yalishuka, walisikia baridi, wakawa na hasira, na mazungumzo yao yote yakawa chakula. Wengine walikaa kusoma vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula na kula wasishibe, na mafuta mwilini yakarudi kupita yalivyokuwa mwanzo. Hawa walikuwa watu wenye nidhamu, jamani. Mwili ukinyimwa unadhani kuna njaa nchini: unapunguza matumizi, homoni ya kuamsha njaa inapanda, ile ya kuleta shibe inashuka, na hali hiyo hudumu muda mrefu baada ya kilo kupungua. Ndiyo maana aliyepungua kwa kujinyima anahitaji chakula kidogo kuliko zamani, huku anatamani zaidi.

Hosteli kwetu nimeyaona haya. Dada mmoja wa mwaka wa pili aliishi wiki tatu kwa chai ya rangi na matango, tukawa tunampongeza kila akipita koridoni. Akaanguka maabara. Muhula uliofuata alikuwa amerudi palepale na kuzidi, na waliompongeza ndio waliokuwa wakisema hana msimamo.

Byron naye alirudi. Mwaka 1816, karibu na Geneva, asubuhi alikula kipande chembamba cha mkate na chai, jioni mboga. Miaka miwili baadaye, Venice, wageni waliomtembelea walishangaa kumkuta kanenepa, uso umejaa. Kisha akajinyima tena, akakonda tena. Katikati ya kupanda na kushuka huko aliandika Don Juan, na sijui angeandika nini zaidi kama asingekuwa na njaa.

Mwaka 1823 alikwenda Ugiriki kusaidia vita vya uhuru dhidi ya Waturuki. Alitoa fedha zake mwenyewe, akalipa askari, akavumilia mvua na matope ya Missolonghi. Hata huko, daktari mmoja aliyekuwa naye anaeleza, kila asubuhi alijipima kiuno na viwiko vya mikono, na akiona vimeongezeka anakunywa chumvi ya kuharisha. Februari 1824 alipatwa na kifafa. Aprili homa ikamshika, na mwili ulikuwa umeshachoka. Madaktari wakamtoa damu, mara kwa mara, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Alikufa tarehe 19 Aprili, akiwa na miaka 36.