Thomas Edison, Aliyesikia Muziki kwa Meno

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule wa nyumba ya makumbusho ya Leipzig, alisafiri katika nchi hii yetu, toka Masasi hata Newala. Katika mizigo ya wapagazi wake kilikuwamo chombo cha kunasa sauti. Wayao, Wamakua na Wamakonde wakaimba mbele ya pembe yake, na nyimbo zao zikaandikwa juu ya mirija ya nta, zikapelekwa Ujerumani, nazo zimehifadhiwa Berlin. Chombo cha namna hiyo, ambacho ni babu wa gramafoni zote, kilibuniwa na mtu aliyekuwa karibu kiziwi. Sisi wa Chiwata twaona vema kuwasimulia wasomaji maisha yake, maana katika kila usharika wamo watu ambao masikio yao yamepungua nguvu, nao hudhani kwamba furaha ya nyimbo imewapita.

Thomas Alva Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Shuleni alikaa muda mfupi tu. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, ndiye aliyemfundisha nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka 12 akaanza kuuza magazeti katika gari la moshi baina ya Port Huron na Detroit. Yapata siku zile masikio yake yakaharibika. Mwenyewe alisimulia kwamba mtu mmoja alimshika masikio akamvuta garini. Wengine walidhani ni ugonjwa wa utotoni. Tangu hapo, kama alivyosema, hakusikia tena ndege wakiimba.

Hata hivyo hakukaa kulia. Alijifunza kazi ya simu ya waya, akaona kwamba uziwi wake wamfaa, kwa kuwa alisikia mgongo wa chombo chake tu, wala makelele ya chumbani hayakumsumbua. Simu ya kusemea ilipotokea mwaka 1876, sauti yake ilikuwa hafifu mno. Edison akatumia makaa kuitengenezea kinywa chenye nguvu zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1877, huko Menlo Park, akabuni fonografu. Mtu alisema mbele ya kiwambo chembamba, kiwambo kikatetemeka, na sindano iliyoshikamana nacho ikakandamiza karatasi ya bati iliyozungushwa juu ya mrija. Sindano ilipopitishwa tena katika alama zile, sauti ikarudi. Baadaye, mwaka 1888, akaleta mirija ya nta iliyo bora.

Lakini aliufurahiaje muziki mtu asiyesikia? Alikiegemeza kichwa chake juu ya sanduku la fonografu. Kama sauti ilikuwa ndogo mno, aliuma ubao wake kwa meno, na kinanda kadhalika. Msomaji asicheke. Sauti ni mtetemo. Hupita hewani na kuingia sikioni, lakini yaweza pia kupita katika mifupa ya kichwa na kufika sikio la ndani. Atafunaye muhogo mkavu husikia kishindo kikubwa kichwani mwake, na jirani yake asisikie kitu. Njia hiyo huwafaa hasa wale ambao sikio lao la ndani bado ni zima. Hata leo madaktari hutumia vyombo vinavyopitisha sauti mfupani.

Mke wake wa pili, Mina, waliyeoana mwaka 1886, alijifunza kwake alama za simu. Walipokwenda kutazama michezo, Mina alimgongagonga gotini, akamweleza hivyo maneno ya wachezaji. Basi uziwi wa mume haukumtenga na mkewe.

Haifai tumsifu bila kusema kosa lake. Edison alitaka kuchagua mwenyewe waimbaji wa santuri zake, akitumaini masikio yake mabovu kuliko masikio mazima ya wengine. Sauti za kutetemeka alizichukia, na nyimbo mpya walizozipenda vijana alizidharau. Kampuni nyingine zikawaajiri waimbaji wenye sifa kuu, na watu wakazifuata. Mwaka 1929 kampuni yake ikaacha kutengeneza santuri. Alifariki West Orange tarehe 18 Oktoba 1931, mwenye miaka 84.

Twajifunza mambo mawili. Kwanza, aliyepungukiwa masikio asijitenge na muziki. Na akae karibu na ngoma, aguse ubao wa kinanda kwa mkono, ausikie mdundo kifuani na nyayoni. Mwenye mlio usiokoma masikioni mara nyingi hupata nafuu kwa muziki wa polepole nyumbani. Lakini asiongeze sauti kupita kiasi, maana kishindo huharibu hata kile kilichobaki, tena aende kwa daktari apimwe. Pili, asiwe kama Edison katika ukaidi: akubali masikio ya wenziwe.

Nasi tulio na masikio mazima tusiwacheke wazee wanaochelewa ubeti. Tuwape kiti cha mbele, tuwaelekezee nyuso zetu tunapoimba, tuwagonge begani wimbo uanzapo. Mina alitumia kidole kimoja tu, nacho kilitosha.