Heo Jun

Heo Jun (kwa Kikorea: 허준, takriban 1539 – 1615) alikuwa tabibu wa kasri la wafalme wa Korea wakati wa nasaba ya Joseon, na mwandishi wa Dongui Bogam, kitabu kikubwa cha tiba kilichokamilika mwaka 1610. Alizaliwa na suria, lakini alipanda daraja za serikali kuliko ilivyotarajiwa kwa tabibu yeyote wa wakati wake. Watu wengi wa leo wanamfahamu kupitia tamthilia za kihistoria za televisheni ya Korea Kusini.

Daraja za maofisa wa Joseon

Maofisa wa Joseon (1392–1897) walipangwa katika daraja 9, ya kwanza ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Kila daraja iligawanyika katika ngazi mbili, kuu na ndogo, hivyo jumla yake ilikuwa 18. Rangi ya joho ilionyesha cheo cha mtu: nyekundu kwa wakubwa, buluu kwa wa kati na kijani kwa wa chini.

Mpaka muhimu ulikuwa ndani ya ngazi kuu ya daraja ya tatu. Waliokuwa juu ya mpaka huo waliitwa dangsang, maana yake wale wanaoruhusiwa kupanda ukumbini mbele ya mfalme. Kwa kawaida matabibu, wakalimani na mafundi wengine wa serikali hawakuuvuka. Hata mkuu wa Naeuiwon, yaani idara ya tiba ya kasri, cheo chake kiliishia chini ya mpaka huo.

Asili yake

Heo Jun alikuwa wa ukoo wa Heo wa Yangcheon, eneo ambalo leo ni sehemu ya jiji la Seoul. Baba yake, Heo Ron, alikuwa afisa wa kijeshi, lakini mama yake alikuwa suria. Sheria ya Joseon iliwazuia watoto wa masuria kufanya mtihani wa utumishi wa kiraia, ambao ndio uliokuwa njia ya kufikia vyeo vikubwa. Tiba ilikuwa mojawapo ya kazi chache za serikali zilizokuwa wazi kwao.

Mwaka 1569 mwanachuoni Yu Hui-chun alimpendekeza Heo Jun kwa Naeuiwon. Kufikia mwaka 1571 alikwisha kuwa na cheo cha daraja ya nne katika idara hiyo. Mwaka 1575 alikuwa miongoni mwa matabibu waliompima Mfalme Seonjo.

Kuvuka mpaka

Mwaka 1590 mwanamfalme Gwanghae aliugua ndui. Ugonjwa huo uliua watoto wengi, na matabibu waliogopa kuutibu, kwa sababu mgonjwa wa kifalme akifa lawama huwaangukia wao. Heo Jun alimtibu, naye akapona. Mfalme alimzawadia cheo cha dangsang. Maofisa wa ukaguzi, ambao kazi yao ilikuwa kumkosoa mfalme na watumishi wake, walipinga wakisema cheo hicho kinamzidi tabibu. Mfalme hakukubali kukiondoa.

Mwaka 1592 majeshi ya Japani yaliivamia Korea. Mfalme aliuacha mji mkuu, Hanyang, akakimbilia kaskazini hadi Uiju, mpakani mwa China. Maofisa wengi walimtoroka njiani, lakini Heo Jun alibaki naye safari nzima. Kwa uaminifu huo, mwaka 1604 alitajwa miongoni mwa wastahiki waliomsindikiza mfalme na kupewa jina la heshima la Yangpyeong-gun.

Mwaka 1606 Seonjo alitaka kumpandisha hadi ngazi kuu ya daraja ya kwanza. Wakaguzi walipinga tena kwa nguvu, na safari hii mfalme alilazimika kulegeza msimamo na kuifuta amri yake.

Dongui Bogam

Vita vilileta njaa na magonjwa, na vitabu vingi vya tiba vilipotea. Mwaka 1596 mfalme aliwaamuru Heo Jun na wenzake kadhaa waandike kitabu kipya. Mwaka uliofuata Wajapani walivamia tena, na kundi hilo likatawanyika. Baadaye mfalme alimkabidhi Heo Jun kazi hiyo aifanye peke yake, akampa takriban vitabu 500 vya kasri avitumie.

Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kina juzuu 25. Baada ya juzuu 2 za yaliyomo, kinaeleza viungo vya ndani, sehemu za nje za mwili, magonjwa mbalimbali, dawa, na mwishoni tiba ya sindano. Katika sehemu ya dawa, majina ya mimea mingi yameandikwa pia kwa hangul, alfabeti ya Kikorea, ili watu waweze kuitambua mimea ya nchini mwao badala ya kutegemea dawa ghali kutoka China.

Heo Jun pia alitafsiri kwa hangul vitabu kuhusu uzazi, ndui na huduma ya dharura, kwa ajili ya wasiojua maandishi ya Kichina.

Uhamishoni na kifo

Seonjo alifariki mwaka 1608. Kwa kuwa Heo Jun alikuwa tabibu mkuu, alilaumiwa kwa kifo hicho, akavuliwa cheo na kupelekwa uhamishoni. Mfalme mpya alikuwa Gwanghae, yule yule aliyemponya ndui utotoni. Alimrudisha mwaka 1609 licha ya upinzani wa maofisa. Mwaka 1610 Heo Jun alikamilisha kitabu chake, na mwaka 1613 kilichapishwa na Naeuiwon.

Alifariki mwaka 1615. Baada ya kifo chake alipewa cheo kile cha daraja ya kwanza alichonyimwa mwaka 1606. Kaburi lake lilitambuliwa mwaka 1991 huko Paju, karibu na mpaka wa Korea mbili.

Urithi

Dongui Bogam kilichapishwa pia Japani na China katika karne ya 18. Mwaka 2009 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Maisha yake yameigizwa mara kadhaa katika televisheni. Mwaka 1975 aliigizwa na Kim Mu-saeng, na mwaka 2013 na mwanawe, Kim Joo-hyuk. Tamthilia iliyopendwa zaidi ni ile ya mwaka 1999, ambamo Jun Kwang-ryul alikuwa mhusika mkuu. Mwalimu Yu Ui-tae, ambaye katika tamthilia hiyo anamwachia mwanafunzi wake maiti yake aipasue na kujifunza, ni wa kubuni. Upinzani wa maofisa dhidi ya vyeo vya Heo Jun, kwa upande mwingine, ulitokea kweli.